Mkarafuu nao huungua, ila hujitibu juani

Ndugu Mhariri, mmeuliza wiki hii: sisi tukishinda juani ngozi inababuka, mbona mkarafuu unasimama juani miaka nenda miaka rudi na haudhuriki? Mimi ni mtu wa kitalu hapa Wete, na jibu langu ni kwamba unadhurika. Kila siku.

Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hasa ya aina B, ikipenya kwenye seli huipiga DNA, yaani maandishi ya urithi. DNA imeandikwa kwa herufi nne tu, na pale herufi mbili za T zilipopakana, mionzi huzigandisha. Seli haiwezi tena kunakili mahali hapo sawasawa. Na jua letu la saa sita, huku digrii tano kusini ya ikweta, halina mzaha.

Utamu uko kwenye tiba. Mmea una kimeng'enya, yaani protini ya kuendesha kazi za kikemia, kiitwacho fotolaisi. Hung'ang'ania pale palipoganda, kikisubiri mwanga wa buluu au urujuanimno wa aina A, ulio mpole zaidi. Kikiupata, hutumia nguvu yake kuzibandua herufi zile, zikarudi zilivyokuwa. Hakikati wala hakiongezi kitu. Yaani jua linaloharibu ndilo linaloendesha matengenezo! Usiku ipo njia nyingine, ya polepole: seli hukata kipande kibovu, herufi thelathini hivi, kisha hukijaza upya kwa kufuata uzi wa pili wa DNA. Hiyo hata binadamu tunayo. Fotolaisi hatuna, kangaruu anayo, sisi tumenyimwa. Aziz Sancar, aliyezichambua njia zote mbili, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015, pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich.

Sasa kitaluni. Miche huanzia chini ya kivuli cha makuti. Ukiitoa ghafla, majani hubabuka, na si kwa mionzi hii peke yake, joto na kiu vimo pia. Ndiyo maana tunapunguza makuti kidogo kidogo. Mmea una protini inayohisi mionzi ya aina B. Ikishtuliwa, fotolaisi huongezeka na ngozi ya jani hujaa kemikali ziitwazo flavonoidi, zinazoifyonza mionzi kabla haijafika ndani.

Basi mkija kuchukua miche, msikimbilie ile iliyonawiri kivulini. Chukueni ya pembeni, iliyokwisha kuzoea jua, hata kama majani yake hayang'ari.

Msomaji wenu, Wete, Pemba