Intafesi (mlango wa mtandao wa kompyuta) ikigoma kwenye Linux, angalia kwanza nani anaisimamia

Wakuu, kama mtandao unakusumbua kwenye Linux na umeshaanza kuwaza kuinstoo upya, subiri kwanza. Mi nilikesha usiku mzima nahangaika na draiva, natoa narudisha, nikabadili mpaka waya, kumbe kadi ya mtandao ni nzima kabisa na shida ilikuwa mistari miwili tu ndani ya faili.

Ilikuwa Debian niliyoiweka bila desktopu, desktopu ikaja baadae. Intaneti inashika vizuri tu, ila nikitaka kuipa IP (anwani ya kompyuta kwenye mtandao) ya kudumu kwenye seting za desktopu hainipi nafasi. Mwisho nikaandika `nmcli device`, mbele ya enp2s0 (jina la intafesi yangu ya waya) nikakuta neno `unmanaged`, yaani NetworkManager, programu ya kusimamia mtandao, inaiona hiyo intafesi lakini imeambiwa isiiguse. Sasa nani kaiambia? Ukiinstoo Debian bila NetworkManager, intafesi inaandikwa kwenye `/etc/network/interfaces`, na NetworkManager ikija baadae ikakuta jina limo humo inaiacha kama ilivyo. Nikaizima kwa `ifdown enp2s0`, nikaweka # mbele ya mistari yake ili isisomwe (ya lo, intafesi ya ndani ya kompyuta yenyewe, usiiguse!), nikaristati NetworkManager, ikashika hapo hapo.

Kinyume chake pia kipo na kinachosha zaidi: `ip addr` inakuonyesha IP mbili kwenye intafesi moja, mara mtandao upo mara umekata. Hapo angalia kama NetworkManager na systemd-networkd (programu nyingine ya kusimamia mtandao) zote ziko hewani, kila moja inajiombea IP yake kwa ruta. Chagua moja, nyingine itoe kwenye hiyo intafesi.

Ukiona NO-CARRIER (hakuna mawimbi kwenye waya) kwa intafesi ya waya kwenye `ip link` usifungue faili lolote, huo ni waya au tundu la upande wa pili. Waifai imezimika? Andika `rfkill list` uone kama imefungiwa. Na kama ping ya 1.1.1.1 inajibu ila majina ya tovuti hayafunguki, intafesi haina kosa, nenda kwenye DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa IP.

Jambo ninalowaomba sana jamani, kama seva iko mbali na unaingia kwa SSH (yaani kupitia mtandao huo huo), na seting zake za mtandao zinaandikwa kwa Netplan, usikurupuke na `netplan apply`, ukikosea unajifungia nje. Tumia `netplan try`, inakupa sekunde 120, usipobonyeza Enter inarudisha seting za zamani yenyewe, na wewe unaingia tena kama kawaida.