Mshale wa mafuta unarukaruka: je, ni lazima ninunue mita nzima?

Swali: Mimi ni mwendesha bodaboda, ninatumia Bajaj Boxer kati ya Mbale na Kapchorwa. Mshale wa mafuta huonyesha nusu tangi, kisha baada ya mwendo mfupi huanguka hadi alama ya kuisha, na nikiingia njia za muramu hurukaruka. Juzi pikipiki ilizimika mlimani ilhali mshale ulionyesha robo. Fundi ananishauri ninunue mita nzima. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue mita kwanza. Mfumo huu una sehemu tatu, nazo ni boya lililo ndani ya tangi pamoja na kipande chake cha ukinzani (kinachobana umeme unaopita), nyaya zinazotoka hapo, na geji yenyewe iliyo ndani ya mita kwenye dashibodi. Boya linapopanda au kushuka na petroli, mkono wake husogeza kiguso juu ya njia ya ukinzani, na umeme unaofika kwenye geji hubadilika. Geji iliyoharibika mara nyingi hufa kabisa au huganda mahali pamoja. Mshale unaorukaruka na kuanguka ghafla, kama wako, kwa kawaida hutokana na kiguso kilicholika, plagi iliyolegea au waya wa ethi (unaorudisha umeme kupitia fremu) ulioshika kutu, na mitikisiko ya muramu huchochea yote matatu.

Hata hivyo, si kila unachokiona ni ubovu. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni, mafuta huhamia upande mmoja, kwa hiyo soma geji ikiwa imesimama wima kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare. Isitoshe, sehemu ya chini ya tangi hupungukiwa nafasi kwa sababu tangi limekalia fremu, na ndiyo maana nusu ya pili huisha upesi kuliko ya kwanza. Kwenye mwinuko mkali kama wa kuelekea Kapchorwa, petroli iliyobaki kidogo hurudi nyuma, na ikiwa tundu la koki, yaani bomba la kufungulia mafuta, liko mbele, injini inaweza kukosa mafuta ingawa tangi halijakauka.

Baada ya hapo, tafuta plagi ya nyaya zinazotoka kwenye tangi. Ichomoe, isafishe, na ukaze ethi inapofungwa kwenye fremu. Kisha, kifuniko cha tangi kikiwa kimefungwa vizuri, washa funguo na uziunganishe nyaya mbili za upande wa geji kwa sekunde chache tu kwa kipande cha waya. Katika geji ya mshale, mshale unapaswa kwenda taratibu hadi mwisho mmoja, na ukiziachanisha uelekee mwisho mwingine. Mwisho upi ni wa kujaa hutegemea muundo wa pikipiki. Ikiwa unatembea hivyo bila kusita, geji na nyaya zake ni nzima na ubovu uko ndani ya tangi. Usipotembea, pima fyuzi na waya unaoleta umeme kabla ya kuilaumu geji.

Kulitoa boya kunahitaji tangi liwe tupu, betri iwe imetenganishwa, na pasiwepo sigara wala jiko la mkaa karibu. Kwa maoni yangu, kazi hii haifai kufanyiwa kwenye stendi ya bodaboda. Litikise sikioni: ukisikia petroli ikicheza ndani yake, limetoboka, na litazama daima na kuonyesha tangi tupu. Kisha unganisha multimita (kipima umeme) kwenye nyaya zake, uiweke kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, na uupandishe mkono polepole kutoka chini hadi juu. Namba zinapaswa kubadilika mfululizo. Zikikatika au kuruka mahali fulani, hasa karibu na nusu, umeipata sababu ya mshale wako kuanguka pale pale. Njia iliyolika haitengenezeki kwa kulehemu, kwa hiyo badilisha kipande hicho cha boya pamoja na gasketi yake, kwani gasketi ya zamani huvujisha petroli.

Ukishakirudisha, tia petroli lita moja baada ya nyingine huku pikipiki ikiwa wima, na uandike mshale unasimama wapi kila mara. Orodha hiyo ndiyo itakayokuongoza barabarani kuliko alama za kwenye geji. Mita nzima ibadilishe tu endapo jaribio la nyaya halikuusogeza mshale, hali umeme na ethi vinafika vizuri kwenye geji.