Wewe wa Bamburi, rudisha hizo pesa mfukoni

Unauliza ununue kondishena gani ya stima, kile kisanduku wanachodai kinasafisha stima, ili amplifaya iache kunguruma. Usinunue! Nimesoma swali lako nikashika kichwa, maana miaka mitatu nyuma mjinga huyo alikuwa mie.

Tulipanga nyumba ya zamani Tudor, Mombasa. Ukiwasha redio, muziki haujaanza, spika zishasema mmmmm kama nyuki kwenye debe. Nikaenda duka moja mjini. Kijana wa pale, mdomo asali tupu: "Sheikh, stima ya huku chafu, hiki kisanduku kinaiosha." Elfu 42. Hakuniuliza swali hata moja kuhusu nyumba. Akanipachika na waya wa kuchomekea mnene kama mkia wa kenge, elfu 6 nyingine. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikalipa.

Kuchomeka tu, ngurumo ikazidi. Mke wangu akagusa amplifaya, akaruka. "Jini hili umelinunua wapi?" Nikamwambia stima ikishaoshwa huwa na nguvu. Wallahi nilisema hivyo.

Mwisho nikamwita fundi wa stima, mzee wa mtaani. Akapima soketi: laini na nyutro, waya wa kuleta stima na wa kuirudisha, volti 240. Laini na athi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini, namba inayumba haieleweki. Tukazunguka nyuma ya nyumba. Kibanio cha chuma cha athi kimeliwa na chumvi, kijani kitupu, waya unaning'inia. Nyumba nzima haina athi! Visanduku hivi ndani vina kapasita, vijidude vinavyomwaga uchafu wa stima kwenye athi. Isipokuwepo, uchafu hauna pa kwenda, volti kwenye bodi ya chuma ya vyombo zinapanda hadi karibu nusu ya ile 240. Mkondo wenyewe mdogo, ila unang'ata, na unatafuta njia kwenye nyaya za sauti. Yaani nililipa elfu 42 kuongeza ugonjwa.

Na hata athi ikiwa nzima, ile mmmmm ni ya hezi 50 au 100, yaani mitetemo kwa sekunde. Kisanduku kinachuja kelele za juu zaidi ya hapo. Hezi 50 ndiyo stima yenyewe, yakhe! Kikiizuia, redio inazima. Yule kijana kama alijua, mwizi. Kama hakujua, anauza nini pale?

Chuma kipya, kibanio na ufundi: 3,500. Ikabaki ngurumo kidogo. Mzee akachomoa waya wa dishi nyuma ya dekoda, kimya. Dishi lilikuwa limegusana na athi nyingine huko juu, mkondo unazunguka kati ya athi mbili ukipitia waya wa sauti. Tukaweka transfoma ndogo ya sauti kati ya dekoda na amplifaya, inapitisha sauti bila nyaya kugusana, basi.

Na huyo aliyekwambia ukate pini ya athi kwenye plagi, usimsikize kabisa. Ngurumo itanyamaza, na siku amplifaya ikiharibika ndani utanyamaza na wewe.

Athi kwanza. Mwite fundi mwenye mita, si mwenye maneno. Uliuliza pia nyaya za spika na sijui nini cha UPS, ile betri ya akiba, nishasahau, nimepandwa na hasira upya. Kisanduku changu bado kipo, kinabeba feni sebuleni. Ukishapima, rudi hapa utupe namba.