Mgomba Hupimwa kwa Jani Lake

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Lamu alinitumia picha ya kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba yao, akaniuliza ni migomba mingapi ya mapambo inayoweza kuenea katika nafasi ya hatua nne kwa tano. Swali lake lilinichoma, kwa kuwa miaka minne iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa na swali hilo hilo, nikalijibu kwa macho peke yake, na gharama yake niliilipa kwa fedha na kwa ujirani.

Uwanja wangu hapa Malindi una upana wa mita 4 na urefu wa mita 6, nao umezungushiwa ukuta wa mawe ya matumbawe usiozidi kimo cha mtu mzima. Nilinunua miche saba: minne ya mgomba mfupi wa ndizi za rangi ya waridi, ambao wataalamu wa mimea huuita Musa velutina, na mitatu ya ule wenye majani ya mabaka ya damu ya mzee. Yote haikunifika magotini. Kila nilipousimamisha mmoja peke yake niliuona mpweke, basi nikaipanga yote kando ya ukuta wa mashariki, nusu mita kati ya mmoja na mwenzake, kama wanafunzi kwenye gwaride. Muuza miche aliniona nikipima kwa mkono, akaniambia niibananishe ili ijaze upesi. Nilimwamini, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa.

Mwaka wa kwanza sina la kusimulia ila kumwagilia. Masika ya pili yalipokolea, watoto walikuwa wamechipuka kila upande, majani ya huyu yameingia kwa yule, na katikati pamekuwa giza la mbu. Kisha kusi ikaingia. Majani yote yaliyochungulia juu ya ukuta yalichanika mpaka kwenye uti, yakapigapiga usiku kucha, na yale mabaka niliyoyalipia ghali hayakuonekana tena ila kama tambara. Nilichukua panga nikayakata yaliyoelekea kwa jirani, bila kutazama upande wa pili.

Upande wa pili palikuwa na kamba ya nguo. Yeyote aliyelelewa na mgomba anajua kwamba utomvu wake unaanguka kama maji na unakauka kuwa doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Mzee wangu jirani alipiga hodi akiwa ameishika kanzu yake kwa ncha za vidole, yenye matone sita begani, akasema kwa upole, “Mwanangu, hii nilikuwa niendee Ijumaa.” Nilimnunulia nyingine. Salamu yangu huitikia vizuri, lakini kahawa hajanialika tena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiupime mgomba kwa shina lake siku ya kuupanda. Upime kwa jani utakalokuwa nalo baadaye. Ule mfupi hufika kimo cha mita 1.5 hadi 2, basi upe mita 1.5 kutoka kwa mwenzake. Ule wa mabaka ni mrefu zaidi, usiupunguzie mita 2. Kutoka ukutani acha mita 1 nzima, maana jani halirudi nyuma kwa kuona ukuta. Watu hupenda kusema kwamba mgomba haushindwi na mkunguwe, na ni kweli, lakini methali haikutaja kushindwa na mgomba mwenzake. Katika kila shina acha mama, mtoto na mjukuu; wengine uwang'oe pamoja na tunguu, kwa sababu ukikata juu tu huchipuka tena. Sisi watu wa leo tunataka bustani ikomae jioni ya siku tuliyoipanda, na subira tunaiita uvivu. Nafasi, nasema tena, nafasi.

Mahali pa kupanda ni neno jingine. Mimi niling'oa minne, na mitatu iliyobaki nikaihamishia chini ya ukuta wa kusini. Ukuta huo huikinga na kusi, na katika miezi hiyo hiyo jua letu huwa limeelekea kaskazini, hivyo migomba haikosi mwanga. Niliacha pia kutumia maji ya kisima, ambayo kwetu yana chumvi na yaliunguza kingo za majani; sasa ninakinga maji ya mvua ya paa. Mwaka huu mmoja ulizaa: ndizi zenye manyoya laini, zimesimama kuelekea juu, zikiiva zinajibandua maganda zenyewe na kuonyesha nyama nyeupe iliyojaa mbegu. Wapita njia husimama langoni kuzipiga picha, nami sijifanyi sioni.

Yule msomaji wa Lamu nilimweleza kwamba kiwanda chake kina kuta ndefu, kwa hiyo adui yake si upepo bali kivuli. Nilimshauri atazame saa nne na saa nane, kwa siku kadhaa, jua linakaa pembe ipi kwa muda mrefu zaidi, kisha apande hapo mgomba mmoja mfupi. Amenijibu jana kwamba keshanunua mitano, na fundi ameanza kubandua sakafu.