Barua kwa mwanangu: Ukuta haujibu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unaniuliza, kwa ajili ya kitabu cha fizikia unachokitafsiri, kama kanuni ya tatu ya Newton, ile isemayo kwamba kitu kikisukuma kingine, hicho kingine nacho hukisukuma kwa nguvu sawa upande wa kinyume, uiandike kwa "mmenyuko", "mjibizo" au "kani kinzani" (kani ndiyo nguvu ya kusukuma au kuvuta), na kama neno "mwendo" linatosha katika zile mbili za kwanza. La mwendo ni jepesi, tulimalize. Sisi husema mwendo wa siku mbili tukikusudia umbali, mwendo wa kobe tukikusudia kasi, na mwendo wa mtu tukikusudia tabia zake. Hata Newton, alipoandika kwa Kilatini mwaka 1687 kwamba nguvu hubadili mwendo, alikusudia tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo kwenye kitu, likizidishwa kwa kasi, hivi kwamba lori na baiskeli zinazokwenda sambamba hazina mwendo mmoja kwake. Neno lilikuwa na mizigo tangu huko. Liache, ila lifafanue.

Hilo jingine ndilo lililonigusa, kwa sababu wewe umeuliza neno nami nimesikia swali la zamani: nani huanza?

Nilipokuwa nikifundisha, kabla hujazaliwa, niliwaambia wanafunzi kwamba ukiusukuma ukuta, ukuta hukujibu. Msichana mmoja mkimya akainuka kutoka nyuma, akakandamiza kiganja chake kwenye plasta, kisha akanionyesha vishimo vidogo vya chembe za mchanga vilivyojichora kwenye ngozi. "Mwalimu," akasema, "jibu hungoja swali. Ukuta huu haukungoja." Nilimwambia akae, tena kwa kejeli, na darasa zima likacheka. Jioni nilipomsimulia marehemu baba yako, akasema mtoto amenishinda, nami nikanuna, unajua ninavyonuna. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba Newton mwenyewe, akiifafanua kanuni hiyo, anasema anayelibonyeza jiwe kwa kidole, kidole chake nacho hubonyezwa na jiwe. Kiganja kile kile! Msichana yule sikuwahi kumwomba radhi.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia: hakuna wa kwanza. Kani hizo mbili huzaliwa pamoja na kufa pamoja, na kila moja hushika kitu chake. Ule mlango mliokuwa mkisukumiana wewe na dada yako, kila mmoja akilia kwamba mwenzake ndiye aliyeanza, niliwapa kuwa mfano wa kanuni hii, na nilikosea: mikono yenu yote iliusukuma mlango mmoja, ilhali jozi ya Newton ni mkono wako na mlango, kisha mlango na mkono wako. Hapo ndipo "kani kinzani" inaponitia shaka, maana anayesikia kukinzana hudhani kani hizo hufutana, akabaki akijiuliza toroli huendaje ikiwa nalo humvuta nyuma anayelivuta. Hazifutani, kwa kuwa moja iko kwenye toroli na nyingine iko kwa mvutaji.

"Mmenyuko" waachie wanakemia. Hidrojeni na oksijeni zikigeuka maji, hakuna iliyomjibu mwenziwe. Zote zimebadilika, na neno limekwisha kuizoea kazi hiyo. Basi iwe "mjibizo"? Ndani yake limo jibu, lile lile lililoniumbua. Lakini watu wakijibizana, nani awezaye kusema maneno yalianzia kinywa gani? Hapo neno linajitetea, nami niliyekuwa nimekwisha kulihukumu naona haya. Ila kila mgomvi huwa na lake, "mimi nilimjibu tu", na neno hilohilo ndilo linalompa kisingizio. Hakuna wa kwanza, mwanangu.

Kitabu ni chako, kwa hiyo sikuchagulii, ingawa ulimi unaniwasha. Lolote utakaloliandika, chini yake weka mchoro wa kiganja na ukuta, na mishale miwili yenye urefu sawa, mmoja kwenye kiganja na mwingine kwenye ukuta. Usiipe namba.

Mimi,
Mama yako