Siku 6 Kinshasa na kilo 8 za mkononi: nishone nini?

Swali: Fundi, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Mwezi wa 7 nitakwenda Kinshasa siku 6. Nina mikutano miwili ya kazi, ndoa ya mtoto wa dada yangu Jumamosi, kisha misa ya Jumapili. Tiketi yangu ni ya mzigo wa mkononi tu, kilo 8. Nguo zangu zikikaa kwenye valizi zinatoka kama zimetafunwa na ng'ombe. Nishone nini, na nizipange namna gani?

Jibu: Mama, kabla hujanunua hata uzi, uliza kama familia imechagua kikwembe (kitenge) cha ndoa. Wakikupa cha pamoja, hicho ndicho kitaamua rangi za safari nzima, maana ni vazi pekee usiloweza kulibadilisha. Kama uhuru ni wako, chagua kikwembe chenye buluu iliyokoza, nyeupe na rangi moja ya kung'aa. Nguo nyingine zote zitoke ndani ya rangi hizo tatu. Wasapeur, wale watanashati wa Brazzaville, wanajulikana kwa kutovuka rangi tatu kwa vazi moja, nami nakubaliana nao kabisa. Mwenye valizi ndogo anafaidika zaidi, kwa sababu kila blauzi inakubali kila sketi.

Chukua kikwembe kizima, yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu. Kifue kabla ya kukileta kwangu. Ule ugumu wa kikwembe kipya ni wanga. Ukitoka, kitambaa kinalainika, na kama ni cha kurudi kidogo kitarudi kabla sijakikata. Nitakushonea libaya, yaani blauzi ya kikwembe, na sketi, na kitabaki kipande cha kujifunga. Hizo ni nguo tatu, si moja. Jumamosi unavaa zote pamoja. Siku ya pili ya mkutano unavaa sketi na blauzi nyeupe, koti juu. Jumapili unajifunga kile kipande na blauzi ya pili. Siku ya kwanza ya mkutano ni suruali na koti. Hakuna atakayesema umerudia.

Sasa kukunjamana, ambako watu wanalaumu valizi bure. Ubaya uko kwenye kitambaa. Pamba na kitani vikibanwa huku vina unyevu au jasho, vinakaukia kwenye umbo lile, na mstari hautoki bila pasi. Sufu ina unyumbufu wake: itundike usiku bafuni karibu na ndoo ya maji ya moto, mvuke uifikie bila maji kuirukia, asubuhi imenyooka. Hilo si jambo dogo umeme ukikatika na pasi haifanyi kazi. Poliesta tupu haikunjamani, lakini inashika harufu ya jasho, na Kinshasa utatoka jasho. Kwa blauzi napendelea pamba iliyochanganywa na poliesta, nyepesi: unaifua jioni, unaikamua ndani ya taulo, asubuhi unaivaa. Pamba nzito haitakauka kwa usiku mmoja katika unyevu wa kule. Dukani jaribu hivi: bana pembe ya kitambaa ngumini, hesabu hadi 20, fungua. Kikibaki na mistari kama kiganja cha mzee, kirudishe.

Koti usilitie kwenye valizi. Mwezi wa 7 asubuhi za Lubumbashi ni baridi, kwa hiyo unaondoka uwanja wa ndege wa Luano umelivaa, pamoja na suruali na viatu vizito. Kinshasa ni bondeni na joto linakungoja, hata kama mawingu ya kiangazi yamefunika jua, na hapo utalivua. Ukitaka kulikunja ndani ya ndege, ingiza mkono kwenye bega la kushoto na uligeuze nje ndani, bitana ionekane. Bega la kulia liache lilivyo, ulisukume ndani ya lile la kushoto mpaka yalaliane kama vikombe viwili. Kunja mara moja tu katikati, na weka kilemba kwenye mkunjo. Mkunjo wenye kitu laini ndani hauachi mstari mkali. Sketi na libaya zifanye vivyo hivyo: zizungushie nguo za ndani badala ya kuzikandamiza bapa.

Viatu viwe jozi mbili tu, moja mguuni, moja ya ndoa, na soksi ziingie ndani yake. Viatu ndivyo vinavyomaliza kilo, si nguo. Nilijifunza hayo kwa uchungu: nilikwenda kwenye ndoa na valizi kubwa yenye makoti matatu, haikufika nami, nikasimama kanisani na shati la safari. Tangu siku ile nguo ya sherehe haitoki mkononi mwangu.

Niletee kitambaa wiki tatu kabla, tujaribishe mara mbili. Nguo iliyokaa sawasawa begani na kiunoni inabeba siku mbili bila aibu. Iliyolegea, hata ziwe kumi, zinaonekana za kuazima. Na siku ya kujaribisha uje na vile viatu vya safari, maana pindo la suruali ninalipima kiatu kikiwa mguuni.