Kikopo cha mkojo kabla ya dawa ya mionzi

Tangu niandike kuhusu saratani ya tezi ya shingo, wengi mmeuliza juu ya kipimo cha mkojo kinachofanywa kabla ya dawa ya mionzi, yaani madini joto (ayodini) yenye mionzi. Najibu kama mtu wa maabara. Dozi na tarehe ni za daktari wako.

Shikamoo. Tezi yangu ilishatolewa. Sasa mkojo unapimwa wa nini? (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Upasuaji huacha masalia madogo, na hayo ndiyo dawa inayoyafuata. Seli za tezi hufyonza madini joto bila kuchagua, ya kwenye chumvi na ya mionzi yote ni mamoja kwao. Ni kama daladala: siti zikishajaa, aliyechelewa anabaki kituoni. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya madini joto tunayokula hutoka kwa mkojo, kikopo hicho kinaonyesha abiria wangapi bado wanagombea siti.

Nimeambiwa niepuke madini joto wiki 2. Nimeacha chumvi kabisa, sasa nina kizunguzungu.

Nenda hospitali leo, usisubiri tarehe ya dawa. Mtu asiye na homoni ya tezi anaweza kushuka sodiamu (chumvi ya kwenye damu), na huenda ndiyo inayokusumbua. Uliyokatazwa ni madini joto, si chumvi yenyewe. Tatizo ni kwamba chumvi ya pakiti madukani kwetu huongezwa madini hayo, kwa hiyo waulize wakuelekeze chumvi isiyo nayo. Na wengi wanaacha chumvi halafu asubuhi wanakunywa chai ya maziwa kwa mkate wa dukani! Maziwa, kiini cha yai, dagaa na samaki wa baharini, vyote vina madini joto. Wali, viazi, maharage na matunda havina neno, ilimradi jikoni haikuingia chumvi ile.

Majibu yangu ni maikrogramu 62 kwa lita. Nimefaulu?

Hospitali nyingi hufurahi ikiwa chini ya 50, nyingine huendelea hadi 100, na zipo zisizopima kabisa, zinategemea mlo tu. Uliza mstari wa kwenu uko wapi. Ila usinywe jagi la maji ili usome chini: mkojo mwepesi unadanganya, ndiyo maana wengine tunapima na kreatinini (taka ya misuli inayoonyesha mkojo ni mzito au mwepesi) au tunakusanya mkojo wa saa 24.

Mnaangalia nini humo ndani?

Rangi. Kuna njia ya Sandell na Kolthoff, ya mwaka 1937, na bado inatumika. Mkojo unachemshwa na kemikali ya kuondoa uchafu, kisha unatiwa maji yenye madini ya seriamu, ya njano kama juisi ya nanasi, pamoja na aseniki. Njano inapauka mpaka mrija unakuwa mweupe kama maji, na kadiri madini joto yalivyo mengi ndivyo inavyopauka haraka. Saa mkononi, macho kwenye mirija. Siku moja safu nzima ilipauka kwa mpigo. Kumbe mwenzetu alikuwa na kidonda kidoleni, kakipaka ile dawa ya kahawia yenye ayodini. Basi nanyi msijisafishe kwa dawa hiyo kabla ya kukojoa.

Wiki 3 zilizopita nilipigwa picha ya CT na kuchomwa mshipani dawa ya kung'arisha picha. Nimwambie daktari?

Mwambie kabla hajakupa tarehe. Mililita 100 za dawa hiyo huweza kubeba gramu 30 za ayodini, na mwili unahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku. Piga hesabu: ni posho ya zaidi ya miaka 500. Kwa kawaida husubiriwa wiki 4 hadi 8, na hapa ndipo kipimo cha mkojo kinapolipa kuliko popote. Mwenye kumeza amiodaroni, dawa ya moyo yenye ayodini, asubiri zaidi, miezi kadhaa, wala asiiache mwenyewe.

Juisi ya mwani wa Zanzibar je? Nasikia inasafisha mwili.

Mwani ni ghala la madini joto. Subiri hadi baada ya dawa, na daktari akuruhusu.